Kidole cha Baba

Runingu, Jumatano, 14 Machi 1956

Mkono wa baba niliushika mimi mwenyewe. Hilo linaniuma kuliko uongo wa kaka yangu Rafaeli.

Alifika leo asubuhi kutoka Bukavu na karatasi ya Kifaransa. "Iko ya hospitali," akasema. "Baba aweke kidole, watamupokea bila shida." Baba anatetemeka sana siku hizi, na akili yake inakwenda na kurudi. Nikamshika kidole gumba, nikakipaka wino, nikakikandamiza pale Rafaeli aliponionyesha. Hata nakala aliniachia, maana anajua sisomi Kifaransa. Kabla ya saa sita alikuwa amepanda kamyo ya mizigo kurudi Bukavu.

Mchana nilimpelekea mwalimu wa misioni ile nakala, nijue siku ya kumpeleka baba. Akasoma, akasoma tena.

"Mama, humu hamuna hospitali. Baba yako amemupa Rafaeli shamba na nyumba."

Miaka saba ninamlisha na kumwogesha. Na mwaka juzi, akili yake ikiwa bado nzima, alitaka tumwite shefu wa kijiji na wazee, aseme mbele yao nani atabaki na nini. Mimi ndiye niliyemkataza. Niliona haya, kama vile ninamchimbia kaburi angali anakula.

Jioni nilimweleza yote, polepole. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Yule mugeni wa asubuhi, mulimupa chakula?"

Nikamwambia alikula, akashiba.