Kimea Changu Kilibaki Ukutani

Papa,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mwenye hasira aandike kwanza, aseme baadaye.

Juzi tulimaliza matanga yako pale Kibabi. Desturi ya kwetu unaijua: kila binti wa marehemu analeta kimea chake, vyote vinachanganywa katika chungu kimoja, na pombe hiyo ndiyo inayowaaga wageni. Nililowesha mtama wangu huku Kibua, nikaufunika kwa majani ya migomba mpaka ukaota, nikauanika, nikausaga. Nilipanda pikipiki na mwanangu Amani, mfuko magotini. Mvua iliponyesha niliufunika mfuko, mimi nikalowa.

Shangazi alipokea kimea cha dada zangu wawili. Changu akakiweka chini, ukutani.

"Furaha, usinikasirikie, mama. Papa yako alituachia neno: kimea ya Kibua isiingie mu pombe yangu. Njo vile alisema, ile siku ulitoka kumuangalia."

Siku ileile, Papa! Mkono wangu ulikuwa bado una joto la mkono wako.

Unakumbuka somo lile la Kiingereza? Uliandika ubaoni "melt", kuyeyuka, sisi tukakodoa macho, maana barafu hatukuwahi kuiona. Ukawasha kipande cha mshumaa wa kanisani, nta ikateremka, darasa zima likasema aaa! Nyumbani ukanipeleka kwenye mkeka ambao Mama alianikia kimea, ukanitia punje ya kimea mdomoni. Ukafungua kamusi yako isiyo na jalada, ukanionyesha kwamba kimea Waingereza wanakiita "malt", na kwamba maneno hayo mawili ni ndugu, yametoka katika shina moja la zamani sana, la kulainika. Ulifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe. Ukasema, "Unaona, Furaha? Hata kitu kigumu, ukikipatia maji na siku, kitalainika."

Nilikuamini. Nilipomkataa yule mtu uliyenichagulia nikaolewa Kibua, ulininyamazia miaka sita. Nikasema moyoni, siku zake zitafika. Ulipougua nikaja na Amani. Ukamshika kichwa, ukanishika mkono, ukasema, "Nimelainika, mutoto wangu. Maneno iishe." Nililia njia nzima ya kurudi, nikicheka. Dereva alidhani nimerukwa na akili.

Kumbe nilipotoka mlangoni uliwaita ndugu zako. Kama ulikuwa bado umekasirika, ungenifukuza. Kukataliwa nimeshazoea. Kwa nini ulinidanganya kwa neno letu lile?

Pombe yako sikuionja. Nilibeba mfuko wangu, nikarudi nao. Jumamosi nitaipika yangu hapa Kibua, nitawaita majirani, nao watanywa wakilitaja jina lako. Utaombolezewa kwa kimea changu, upende usipende.

Nakuahidi jambo moja. Amani akianza Kiingereza, nitamfundisha neno lile kwa mshumaa na kwa mtama, na nitamwambia limetoka kwa babu yake. Lakini akiniuliza kama babu alitukubali, sitamficha.

Pumzika, Papa. Nakupenda, na hilo ndilo linaloniuma.

Mimi binti yako, hata ulipokataa,
Furaha