Madaftari Manane ya Somo la Jumamosi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa katika ofisi ya polisi, Lubumbashi, Ijumaa tarehe 19 Septemba 2025, kuanzia saa nne na dakika ishirini asubuhi, na Inspekta Kabwe.

Jina: Chadia Idriss
Umri: miaka 47
Kazi: mwalimu wa Kiingereza
Makazi: Kasungami, commune Annexe

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Naomba hilo liandikwe kabla ya mengine.

Ninafundisha Kiingereza watu wazima kila Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi alasiri, katika chumba ambacho marehemu baba yangu alikuwa anashonea nguo. Wanafunzi ni tisa. Mmoja wao ni Donat Lombe, miaka 29. Yeye ni pointeur, yaani kazi yake ni kuandika namba za malori na saa yanapoingia na kutoka kwenye uwanja wa patron wake, yaani bosi wake, mfanyabiashara mmoja huko Kasomeno. Kwa kawaida anaondoka mwanzoni mwa wiki na kurudi Ijumaa kwa mkewe Léonie, ambaye ni jirani yangu. Huyo Donat ndiye aliyekamatwa, na kwa ajili yake nimekuja hapa.

Mnamo tarehe 6 Septemba, Jumamosi, kama saa nane na nusu, niliandika ubaoni neno la Kiingereza "spy". Kila wiki tunachukua neno moja. Wiki iliyotangulia lilikuwa "ngazi". Hili la "spy" lilikuwemo kwenye hadithi fupi tuliyokuwa tunaisoma. Nilieleza kwamba ni mtu, mpelelezi, yaani espion kwa Kifaransa, na pia ni kitendo, kupeleleza. Niliongeza kwamba katika vitabu vya zamani linaweza kuwa kuona kitu kwa mbali tu, kama mtu aliye barabarani anavyouona moshi wa kijiji. Inspekta ameniuliza mara mbili kama ningeweza kuchagua neno lingine. Ndiyo, ningeweza. Siku ile sikuona kwamba lina hatari kuliko ngazi.

Nina desturi yangu darasani. Sikubali sentensi za kukariri. Mimi mwenyewe nilifundishwa miaka sita habari za theluji na treni za London, na siku ya kwanza nilipofika Zambia nilishindwa kuuliza choo kiko wapi. Kwa hiyo wanafunzi wangu wanaandika kuhusu kazi zao, na wanataja watu na mahali kwa majina. Kwa devoir ya wiki ile, kazi ya nyumbani, niliwaambia kila mmoja ajifanye espion mahali anapofanyia kazi, aandike sentensi tano. Ni mimi niliyesema hivyo. Hakuna aliyejitungia jambo hilo.

Mnamo tarehe 13 Septemba, Jumamosi, walisoma sentensi zao kwa sauti. Donat alisoma kwa Kiingereza: Mimi ni mpelelezi. Ninapeleleza malori ya Kasomeno. Ninaandika namba zote na saa zote. Patron wangu ananiamini. Mke wangu hajui kwamba mimi ni mpelelezi. Tulicheka sana, hata mimi ambaye darasani sina mchezo. Nilimsahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye "hajui" ya Kiingereza, kwa kuwa tangu mwezi wa nne anakosea palepale. Chini nikaandika "Très bien!", yaani vizuri sana, nikatia sahihi na tarehe. Ninatia sahihi kila ukurasa ili mtu asije akasema mwalimu hakusoma.

Kuna jambo lingine ambalo nililijua na sikulisema. Donat alikuwa anatumia daftari lilelile kwa kazi yake. Mbele aliandika Kiingereza, na akiligeuza, nyuma aliandika namba za malori. Nilimwona akifanya hivyo tangu Januari. Nilidhani anabana matumizi, na daftari ni lake, kwa hiyo nilinyamaza.

Mnamo tarehe 17 Septemba, Jumatano, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano asubuhi, Léonie alikuja mlangoni kwangu. Hakuwa amevaa viatu. Alisema: "Madame, Donat balimushusha mu gari jana asubui, ku barrière. Balifungula saki yake, balikuta kaye. Banasema ye mwenyewe aliandika asema iko espion." Nilielewa kwamba ni kwenye kizuizi cha barabarani, na kwamba kaye hiyo ni daftari la somo langu. Nilimwuliza wamempeleka wapi. Alisema: "Sijue. Telefone haipite. Weye njo unajua ile Kingereza, Madame. Wende ubaelezee." Nilimwambia ni jambo dogo na kabla ya jua kuzama Donat atakuwa amelala kwake. Nilimwambia hivyo kwa uhakika kabisa, kama ninavyosema darasani.

Siku hiyohiyo saa tatu asubuhi nilifika katika ofisi hii nikangoja mpaka saa sita. Inspekta Kabwe alinionyesha fotokopi za kurasa mbili, moja ya mbele ya daftari na moja ya nyuma. Upande mmoja Donat anasema anaandika namba za malori, upande wa pili namba zenyewe zipo, na saa, siku kwa siku. Maandishi yangu mekundu yalikuwa yametoka ya kijivu. Inspekta alisema Donat alikaa hapa kwa muda wa saa moja tu, kisha wakubwa wengine wakamchukua, naye hajui wako wapi. Nilieleza habari ya devoir. Alinijibu: "Mama, kila muntu anaweza sema iko devoir. Utuletee preuve." Nilimshukuru sana. Nilitoka hapa nimefurahi, kwa sababu ushahidi nilikuwa nao, tena mwingi.

Mnamo tarehe 18 Septemba, Alhamisi, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja na nusu, nilipita nyumba kwa nyumba kukusanya madaftari ya wanafunzi wengine wanane. Aristote Chomba, ambaye ni mlinzi kwa wageni fulani wa migodi, alinipa lake bila kuuliza kitu. Alisema tu: "Hakuna shida, Madame." Abigaïl, anayeuza vocha za simu mbele ya benki moja katikati ya mji, alilishika kwanza. Daftari lake amelivisha plastiki, ndilo safi kuliko yote. Alisema: "Madame, jina yangu iko mule. Na ya sentinelle iko mule." Alimaanisha mlinzi wa benki hiyo. Nilimjibu kwamba polisi wakiona wote tisa wameandika kitu cha namna moja wataelewa mara moja kuwa ni somo. Akanipa. Wote wanane walinipa, kwa kuwa ni mimi niliyebisha hodi. Angekuja mtu mwingine wangemfukuza.

Leo saa nne asubuhi niliyaweka madaftari manane juu ya meza hii. Inspekta aliniomba nitafsiri, naye akawa anaandika. La kwanza lilikuwa la Abigaïl: Ninapeleleza benki. Mlinzi wa benki anaitwa Papa Simon. Saa sita mchana anasinzia. La pili lilikuwa la Aristote: Ninampeleleza patron wangu. Ninajua saa anayotoka na mahali anapoweka funguo. Nilipofika daftari la tatu niliisikia sauti yangu mwenyewe, nikaomba kusimama. Inspekta alisema: "Malizia, Mama. Ni weye uliileta." Nikamalizia yote. Ningeweza kutafsiri vibaya, na kusema kweli nilifikiria kufanya hivyo, lakini aliniambia kuna mtu mwingine atakayesoma baada yangu.

Nilimwambia hao ni watu wanaojifunza. Nilimwuliza: espion gani anapeleka siri zake kwa mwalimu zisahihishwe? Inspekta alitabasamu kidogo. Nilimwambia Donat hawezi hata kuandika "hajui" bila kukosea. Alisema hilo nalo ataliandika. Nikaomba nirudishiwe madaftari niondoke nayo. Akanijibu: "Mama, kintu ulinitilia ku meza, siwezi sema sikuione." Hakuniambia kwa ukali. Alinyanyuka akaniletea maji. Ningepata mtu wa kumkasirikia ningeona nafuu, lakini hapa kila mtu ananisikiliza vizuri na kuandika.

Inspekta ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninaogopa. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, na kila mwanafunzi wangu alipokosea nilijua la kufanya. Nilichukua kalamu nikaonyesha kosa liko wapi. Hapa kosa ninaliona, ni langu, na sina mahali pa kulisahihisha. Léonie ananingoja nje, ng'ambo ya barabara, tangu asubuhi. Anafikiri nitatoka na mumewe. Sijui nitamwambia nini.

Niliyoyasema yote ni ya kweli na hakuna aliyenilazimisha. Nimesomewa, nayo yako kama nilivyoyatamka.

(Sahihi) Chadia Idriss

NOTI YA AFISA

Shahidi ametia sahihi mbele yangu saa saba na dakika kumi mchana. Sahihi yake imelinganishwa na ile iliyo chini ya maneno "Très bien!" katika daftari la mtuhumiwa Lombe Donat, na ni moja. Madaftari manane yamebaki ofisini kwa uchunguzi. Wenye madaftari wanatakiwa kufika hapa Jumatatu tarehe 22 Septemba, saa mbili na nusu asubuhi. Kwa kuwa ofisi haina anwani zao, na shahidi peke yake ndiye anayezijua nyumba zao, barua nane za wito amekabidhiwa yeye. Ameuliza kama anaweza kukataa. Ameelezwa kwamba akikataa, askari watazipeleka wenyewe, nyumba kwa nyumba, na yeye atawaongoza. Amezipokea. Amesema atawagawia kesho, darasani, mwanzo wa somo.

Inspekta Kabwe