Siku Mama Alipopita Mlango wa Mbele

Jumapili, Julai inaishia. Mkomaindo, Masasi.

Asubuhi hii ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Ukungu umeshuka mpaka katikati ya vilima vya mawe na jirani anapika maandazi, harufu inaingia dirishani bila kubisha hodi. Nimekaa jikoni na chai ya tangawizi. Cherehani nimeifunika kitambaa, ingawa kuna gauni la kipaimara la mteja ambalo halina hata mkono mmoja. Atanisamehe. Nina jambo la kuandika kabla watu wa nyumba hii hawajaamka.

Jana tulisafiri. Najua ni neno kubwa kwa mwendo wa Newala na kurudi, lakini familia yetu ikipanda gari moja na hakuna msiba wala harusi, hiyo ni safari.

Tulikuwa wanne. Baba Zuhura kwenye usukani wa Noah ya kuazima, mimi pembeni yake nikimwelekeza njia anayoijua, na nyuma binti yetu Zuhura, miaka kumi na miwili, pamoja na Mama yangu mzazi. Wazo lilikuwa la Zuhura. Shuleni walisimuliwa habari za mchoraji mmoja wa Newala mwenye bustani iliyojaa picha. Wakasimuliwa pia habari za jumba la Mwenye, yaani chifu wa zamani, lililo chini ya mlima njia ya kurudi huku kwetu, ambalo ukoo wake umelifungua kwa wageni. Watu wanaliita Ikulu, na hawatanii.

Mama alikubali kuja kwa sharti moja. Bustani ataingia. Ikulu atabaki garini.

Sikumuuliza sababu, maana naijua. Bibi yangu, mama yake Mama, alikulia katika jumba lile, lakini si kama ndugu. Njaa ilipopiga, wazazi wake walimwacha pale akiwa mtoto mdogo, wakapewa vikapu vya mtama, wakaahidi kurudi kumchukua. Hawakurudi. Akawa mchota maji wa nyumba ile mpaka alipoolewa na mkulima wa Chiungutwa, babu yangu Mzee Selemani. Miaka yote hiyo aliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, na watu wa jumba walimwita Mtama. Alifariki kabla sijazaliwa.

Mama alinisimulia haya mara moja tu, nilipokuwa na mimba ya Zuhura, kisha akasema nisimuulize tena. Nikatii. Nikiri hapa ambapo hakuna wa kunikodolea macho: nilitii kwa raha. Si habari ya kutembea nayo kifua mbele.

Basi tukapita Chiungutwa, tukaanza kupanda. Huko juu mikorosho imeanza kuchanua, na wakulima wako kwenye kupuliza dawa, mashine mgongoni, kitambaa usoni, vumbi la salfa limetanda njano chini ya miti. Zuhura alifunga kioo. Mama akakifungua, akasema hiyo ndiyo harufu ya ada za shule za watu. Baba Zuhura akacheka mpaka akakosea gia.

Mchoraji tulimkuta uani kwake anamwagilia maua kwa kopo la rangi lililotobolewa matundu. Mwalimu Akwilini, mstaafu, mwembamba, kofia ya ukili kichwani, suruali imepata rangi nyingi kuliko baadhi ya picha zake. Alimwamkia Mama shikamoo kwa kuinama kabisa, Mama akaitikia marahaba na nikaona kwamba tayari amempenda.

Sasa hiyo bustani niiandikeje?

Newala maji ni shida tangu enzi na enzi. Mtu akikuambia ana bustani kule unategemea michaichai miwili na mpapai. Huyu bwana amechimba kisima cha kukinga mvua kutoka kwenye bati, akakisakafia mwenyewe, na maji hayo anayagawa kwa kopo, kila mmea na zamu yake. Kuna bogenvilia za rangi nne zilizopanda juu ya uzio. Kuna mlangilangi, kuna alizeti, kuna asumini iliyozungushwa kwenye fremu ya kitanda kibovu. Katikati ya vyote hivyo kuna picha. Anachora kwa rangi za mafuta za makopo, zile zile za kupaka milango, juu ya mbao, juu ya vifuniko vya mapipa, juu ya mlango mzima wa kabati. Ameziegemeza kwenye mashina ya miti, kwa hiyo unatazama ua halafu unatazama ua lililochorwa, na kuna mahali nyuki walikuwa wanazunguka lile la rangi. Sijaongeza chumvi. Zuhura ni shahidi wangu.

Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kuona mshono ulipopinda, na popote niendapo naona kasoro kwanza. Jana nilizunguka bustani ile nusu saa sikuona cha kusema.

Halafu nikaona Mama hayuko nasi.

Alikuwa amesimama peke yake chini ya mlangilangi, mbele ya ubao mkubwa kama meza. Nilipofika nikatambua jumba kabla hajaniambia. Mwalimu Akwilini alikuwa ameichora Ikulu kutoka upande wa bondeni: kuta nene nyekundu, nguzo za baraza zikionekana kwa mbali, na upande wa nyuma, karibu kabisa na mtazamaji, mlango mdogo wa mbao. Kutoka mlangoni mpaka bondeni alikuwa amechora majani mazuri ya kijani, marefu, yamelala kwa upepo.

Nilitaka kumshika mkono nimwondoe. Mwalimu akawahi kufika.

"Mama, naona umesimama sana. Nimekosea wapi?"

Kwa kawaida Mama angesema hujakosea, mwanangu, ni nzuri sana. Ndivyo anavyomwambia kila mtu, hata mimi nikimshonea gauni likambana. Lakini alinyoosha kidole kwenye majani.

"Hapa pana njia," alisema. "Inatoka kisimani bondeni, inafika kwenye huo mlango. Majani hayakuwahi kuota hapo. Mama yangu alipita kila siku na mtungi, alfajiri na jioni."

Mwalimu alikwenda kibandani, akarudi na kopo la rangi ya udongo na brashi mbili, akapiga magoti mbele ya ubao. "Nielekeze," alisema.

Na Mama akamwelekeza, vile vile alivyosimuliwa na mama yake. Hapana, si moja kwa moja, inazunguka kichuguu. Hapo pana mteremko, hapo alipumzika. Nyembamba zaidi, ni mtu mmoja anapita. Mwalimu alichora anachoambiwa na kufuta anachoambiwa, mtu mwenye picha kila kona ya ua wake, akirekebishwa na bibi wa Masasi ambaye hajawahi kushika brashi. Zuhura alishika kopo. Baba Zuhura alijifanya anapiga picha maua ya asumini, lakini simu aliishika kichwa chini miguu juu.

Njia ilipofika mlangoni Mama alisema basi, imetosha.

Tukala ugali wa muhogo na kisamvu alichopika mke wa Mwalimu, tukasimama ukingoni kutazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, tukaaga. Tulipokuwa tunashuka mlima Mama akasema, bila kumlenga mtu, "Ikulu nitashuka na mimi."

Nilijua kinachotungoja barazani, na niliogopa ataaibishwa mbele ya mjukuu wake.

Kwenye nyumba ile huingii hivi hivi. Ni desturi ya Mwenye tangu zamani na wamekataa kuiacha hata kwa watalii: mgeni anakaa kwanza kwenye mkeka barazani, anaulizwa ametoka tumbo la nani, anajibu, ndipo mlango unafunguliwa. Kwetu ukoo unapita kwa mama. Mtu akikuuliza tumbo, unamtaja mama wa mama yako, na ukiweza unapanda juu zaidi. Wageni wa Dar wanajibu chochote na wanachekewa kwa upole. Sisi wa hapa tunajua tunaulizwa nini.

Jumba lenyewe, lazima niseme, ni la kusimamisha mtu. Kuta zake unaweza kulala juu yake kwa upana. Nguzo za baraza ni za mti mzima mzima, zimechongwa nyuso na mamba na wanawake wenye ndonya mdomoni, na zimeshikwa na mikono mingi mpaka zinang'aa. Mlango wa mbele ni wa mbao nyeusi, mbawa mbili, na kizingiti kirefu kinachokulazimisha kuinua mguu. Nilichukia kwamba ni zuri. Nilitamani liwe gofu.

Anayelisimamia sasa ni Bi Hadija, mpwa wa Mwenye wa mwisho, ana zaidi ya miaka themanini na amenyooka kama zile nguzo zake. Tulimwamkia wote, Mama pia. Akatukaribisha mkekani, akatuuliza habari za Masasi, za barabara, za mikorosho. Kisha akauliza, akimtazama Mama:

"Mwatoka tumbo la nani?"

Mama alivuta pumzi. Na mimi, mtu mzima, mama wa mtoto, nikamrukia maneno.

"Sisi ni wa Mzee Selemani," nilisema. "Mkulima wa Chiungutwa."

Nilidhani namwokoa. Sekunde ile ile nikajua nilichofanya. Ukiulizwa tumbo ukajibu kwa jina la mwanamume, umeshasema kila kitu. Ndivyo walivyokuwa wakijibu watu walioachwa kwenye nyumba za wengine, wale ambao hakuna ukoo uliokuja kuwadai. Nimelisikia hilo tangu utoto. Kwa kutaka kumfunika Mama nilikuwa nimemvua nguo mbele ya mlango ule, na Bi Hadija, ambaye amekaa kwenye mkeka huo maisha yake yote, aliinamisha macho kwa adabu ili asituone.

Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mama aliweka mkono wake juu ya goti langu. Haukuwa mzito.

"Mwanangu ameogopa," alimwambia Bi Hadija. "Mimi ni wa tumbo la mwanamke aliyechota maji ya nyumba hii. Ninyi mlimwita Mtama."

Bi Hadija aliinua uso.

"Mtama alinibeba mgongoni," alisema. "Mimi na wadogo zangu wote. Nilikuwa nalia asiponibeba yeye." Akamsogelea Mama. "Kwao alikuwa na jina?"

"Alikuwa nalo."

"Hatukumuuliza."

"Hamkumuuliza," alisema Mama. Hakulisema kwa ukali wala kwa kusamehe. "Aliitwa Namtima. Mama yake aliitwa Achileko. Alijua mpaka hapo, maana alikuwa mdogo, lakini hayo mawili aliyashika mpaka anakufa."

Miaka arobaini na mmoja ninayo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nasikia jina la bibi yangu.

Bi Hadija aliinuka. Kuna wasichana wawili wa kuhudumia wageni pale na mmoja alisogea, lakini alimzuia kwa kiganja. Alikwenda mwenyewe, polepole, akajipinda kwenye mtungi ulio kando ya mlango, na nilisikia magoti yake yakilia. Akarudi na kata ya maji. Akapiga magoti mkekani, mtu wa miaka ile, akampa Mama kwa mikono miwili.

Mama alikunywa yote. Akamrudishia kata, akasema ahsante dada.

Kisha Bi Hadija akasukuma mbawa zote mbili za mlango, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, kana kwamba bado kuna watu wa kuambiwa: "Wapisheni. Tumbo la Namtima linaingia."

Mama aliinua mguu juu ya kizingiti bila kushika ukuta. Zuhura akafuata, kisha Baba Zuhura ambaye sasa alikuwa ameacha kujifanya anapiga picha. Mimi niliingia mwisho. Niliona kiti cha enzi, ngoma kubwa, mikuki, kitanda cha kamba cha Mwenye, vyote vimetunzwa, vyote vya kupendeza, na nitaviandika siku nyingine vikistahili. Jana nilikuwa natazama mgongo wa Mama yangu tu, unavyotembea ndani ya nyumba ile taratibu, chumba hadi chumba, kama mtu anayekagua kazi iliyokwisha.

Garini sikuweza kumwomba radhi. Nilianza mara tatu. Mara ya tatu akaniambia nimwangalizie dereva barabara.

Kwa hiyo naomba radhi hapa. Miaka kumi na mitatu nimebeba habari ya bibi yangu kama kitu cha kuficha, na sikuwahi hata kujiuliza aliitwa nani. Walimwita Mtama hawakuuliza, na mimi sikuuliza. Nina tofauti gani na wao?

Mlango wa chumba cha watoto umelia, Zuhura ameamka. Akishanawa uso nitamkalisha hapa jikoni, kabla ya chai, nimfundishe kujibu. Mtu akikuuliza umetoka tumbo la nani, mwanangu, usitazame chini wala usimngoje mama yako. Sema: mimi ni wa Namtima, binti wa Achileko.