Mparachichi Wangu wa Ulyankulu

Romania,
14 Aprili

Kwa baba yangu mpendwa, mzee Plasidi,

Shikamoo baba. Shikamoo mama Janeti. Naomba Mungu barua hii iwakute wazima, na goti la mama liwe limepata nafuu pamoja na mvua hizi. Mimi mwanenu Tobia ni mzima, ila nimechoka. Tena si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Baba, simu yako unaiweka sauti kubwa, na kabla sijamaliza salamu nusu ya jumuiya imeshaanza kuniombea. Haya nimetaka uyasikie kwa sauti ya Esperansi peke yake. Dada, funga mlango, soma taratibu, usiruke kitu.

Kazi inaendelea. Mama aliwahi kuniuliza inakuwaje mtu mzima agombanie mpira wenye umbo la papai hadi avunjwe mbavu, na mpaka leo sina jibu la kumridhisha. Raga ilinitoa Arusha ikanipeleka Nairobi, kisha ikanileta huku, na kote huko kazi yangu ni ile ile: kuinama safu ya mbele, kuweka bega na kusukuma. Mabega haya niliyapata kwa kubeba marobota yako ya tumbaku, lakini kocha anayasifu kana kwamba aliyatengeneza yeye. Sasa shingo imekaza. Nikiitwa kwa nyuma nageuka mwili mzima kama fisi.

Mwaka jana klabu ilitangaza kwamba inapunguza wachezaji wa kigeni. Kocha aliniita, akaniambia kwa upole kwamba nikichukua uraia wa hapa nitabaki, na timu yao ya taifa nayo inanitaka; nisipochukua, nitafute pa kwenda. Nina miaka thelathini na tatu, baba. Katika mchezo huu huo ni uzee, na sijui klabu nyingine ambayo ingeitaka shingo hii. Nilimuuliza kama naweza kushika pasi zote mbili za kusafiria. Alisema kwao hakuna shida. Shida ni kwetu, na sheria yetu unaijua kuliko mimi.

Naikumbuka siku ulipoletewa cheti cha uraia. Ulitoka Burundi ukiwa kijana, ukikimbia kuuawa, ukalima Ulyankulu miaka yote ile bila kupanda mti hata mmoja. Mahindi, muhogo, tumbaku, basi. Ulikuwa ukisema mkimbizi hapandi asichojua kama atakivuna. Siku ya cheti ulichinja mbuzi, kisha ukachimba mashimo nyuma ya nyumba na kupanda mparachichi mmoja kwa jina la kila mtoto. Ukatuambia kwamba katika nyumba hii hakuna atakayeulizwa tena anarudi lini kwao.

Basi baba, nimeapa. Ilikuwa mwezi wa pili. Nimeukana uraia wa Tanzania, ule ulioungojea hadi ukaota mvi. Niliapa nimevaa suti ya kuazima, wenzangu wakanipigia makofi, nami nikaona aibu kana kwamba umeketi pale nyuma unanitazama. Nikija kuwasalimia nitaomba viza, na pale uwanja wa ndege nitaulizwa narudi lini kwetu. Lile shamba la bondeni uliloniwekea mpe Esperansi, maana mgeni hamiliki ardhi. Sikutaka uyasikie haya kwa watu. Nisamehe, na ukikasirika una haki.

Nyumba niliyopanga ina kiwanja kidogo. Wiki iliyopita jirani yangu, bibi mmoja mwema, aliniletea mche wa tufaha, akasema sasa mimi ni wa hapa, nipande. Nilimshukuru sana, nikauegemeza ukutani. Mpaka leo upo pale ndani ya mfuko wake. Kiwanjani nimepanda vitunguu.

Mparachichi wangu msiukate. Ukizaa, mama ale wa kwanza.

Wasalimie majirani wote, ila habari uwape wewe, siku utakayoona inafaa. Nangoja neno lako, hata likiwa kali.

Ni mimi mwanao,
Tobia Plasidi