Taa wa Maji Baridi

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko, na kazi, na lile jino lililokuwa likikusumbua? Ni aibu mtu wa mapokezi kwa daktari wa meno kukaa kazini huku shavu limevimba. Mimi mzima, ila magoti. Nimeshahamia kwa dada yako, ghorofa ya tatu, na mwenye nyumba kasema tangi langu la samaki halipandi, sakafu haitalibeba. Sikubishana naye. Miaka yote niliyosimamia bwawa la kuogelea ilinifundisha uzito wa maji.

Basi nakuletea taa wangu wawili, wale samaki bapa, Sinia na Sahani, uwaweke kwenye lile tangi kubwa la chumba cha kusubiria. Sinia ndiye jike, mkubwa. Sahani, mume wake, ni mdogo na mwoga. Dereva wa gari la maziwa atawashusha mlangoni. Miiba ya mikia nimeivika vipande vya mpira wa bomba isitoboe mifuko. Vivue taratibu na mkono uwe mbali na mkia. Usiwamwage kwa pupa. Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi, ongeza ndani yake kikombe kimoja kimoja cha maji ya huko mpaka wazoee. Dawa yenye mrututu, yaani chumvi ya shaba, usiikaribishe, inawaua. Na usisahau, hawa ni wa maji baridi.

Simu unajua sisikii, kwa hiyo tuandikiane. Gari hupita Jumanne na Ijumaa. Nakuomba jambo moja tu. Habari njema nipe zote. Mbaya baki nayo mwenyewe. Nimewalea tangu wakiwa wadogo kama visahani vya chai, na kwa umri huu sitaki kusomewa tanzia.

Ni mimi,
Shangazi yako

6 Machi

Shikamoo Shangazi,

Jino limeng'olewa, bure, kwa hiyo sasa natabasamu upande mmoja. Poleni na kuhama. Magoti yakandwe, usijifanye kijana kwenye hizo ngazi.

Wageni wamefika salama. Juu ya boksi uliandika TAA, USITIKISE. Dereva akaniuliza ni taa gani inayovuja njia nzima. Daktari naye, bila kuinua macho kutoka kinywani mwa mgonjwa, akasema taa zilizopo zinatosha. Alipowaona wakiteleza kutoka mfukoni aliacha kazi akaja kupiga magoti mbele ya kioo na glavu zake.

Nimefuata kila neno lako. Hita ya tangi nimeichomoa, na kiyoyozi nimekikaza mpaka mwisho, maana uliandika maji baridi. Wagonjwa wanatetemeka, lakini mgeni ni mgeni. Sahani amekunja kingo juu pande zote, amekuwa sahani kweli, tulicheka sana. Wote wawili wametulia chini, hawazunguki, nadhani ni uchovu wa safari. Wanakaa na wale samaki wekundu na Fagio, kambare wetu wa mdomo wa kunyonya anayesafisha vioo. Fagio amewapenda. Kila nikitazama yuko juu ya mgongo wa mmoja wao.

Nyungunyungu niliowawekea wale, hawajawagusa bado.

Mwanao

10 Machi

Salamu baadaye. Washa hita.

Washa kwanza, kisha ndiyo uendelee kusoma. Jumamosi asubuhi nilikupigia simu, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, lakini ulichojibu sikukisikia. Dada yako yuko kazini nje ya mji, hakuna wa kunisaidia.

Maji baridi maana yake si ya chumvi. Ya mtoni, mwanangu. Mto wenye joto. Mlisoma nini huko shuleni? Pandisha nyuzi moja asubuhi, moja jioni, mpaka zifike ishirini na saba. Usije ukawachemsha kwa kunifurahisha. Taa akikunja kingo si kichekesho, anakufa. Na huyo Fagio mtoe leo hii. Hajawapenda. Anakula ute wa migongo yao, na ute ule ndio nguo yao. Ukitoka, kila ugonjwa unaingia.

Sasa, hujambo? Mimi sijambo.

Shangazi

17 Machi

Mwanangu,

Habari za siku nyingi. Gari lilipita Ijumaa, leo limepita tena, na dereva ananionyesha viganja vitupu kabla hata sijauliza. Dada yako karudi, anasema huenda kazi zimekubana. Mimi najua hazijakubana. Nilikwambia habari mbaya ubaki nayo, na wewe tangu mdogo ukiambiwa usitoke mlangoni, unalala mlangoni.

Nimemkataza asikupigie. Sitaki kupokea jambo hili kwa kinywa cha mtu mwingine. Niandikie wewe. Nitajie jina tu, ni nani. Naogopa, na huku juu sina la kufanya ila kutazama barabara.

Shangazi yako

20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini magoti yamepata nafuu.

Ni Sahani. Alikufa Jumatatu ya tarehe tisa, barua yako ya hita ikafika Jumanne. Nilimkuta nilipofungua ofisi, amelala palepale, ila yale matundu ya nyuma ya macho hayachezi tena. Simu yako ya Jumamosi niliipokea. Nilisikia neno taa, na nikasikia neno washa. Nikawasha taa zote za chumba pamoja na ile ya juu ya tangi, nikakwambia, tayari Shangazi. Ziliwaka mpaka Jumatatu.

Nimekukasirikia kwa neno lako. Nimejikasirikia kwa kutouliza. Sijaandika kwa sababu ulinikataza.

Sinia yu hai. Hita inafanya kazi, wagonjwa wamevua makoti. Fagio anakaa kwenye karai nyumbani kwa Daktari, aliyembeba mwenyewe. Mgongo wa Sinia una alama za mviringo za ule mdomo, nyekundu, na mbili zimeota ukungu mweupe. Hajala tangu afike. Daktari amenunua dawa ya bluu, muuzaji kamwambia inatibu samaki wote. Nimeificha droo ya chini mpaka unijibu. Niambie nifanye nini, na safari hii kwa maneno yasiyo na maana mbili.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Pole. Ningeanza na hilo tangu mwanzo. Sahani nimemlilia jikoni, bomba nimelifungulia maji dada yako asinisikie, na kwa masikio haya hata mimi sikujisikia. Neno lilikuwa langu. Wewe ulitii tu.

Chupa ya bluu irudishwe dukani, bluu hiyo ni mrututu. Badili robo ya maji kila siku. Maji mapya yakae kwanza kwenye ndoo siku nzima klorini itoke, yapate joto sawasawa na ya tangini. Taa, yaani balbu, zima. Taa, yaani Sinia, mwache kwenye kivuli. Mnunulie kamba, wale wa kuliwa, si ya kufungia mizigo. Mmenye mmoja, umpitishie Sinia puani kwa kijiti kirefu. Asipokula, mtoe huyo kamba asioze mle ndani, ujaribu tena jioni. Akila, atapona. Asipokula wiki hii, basi, hana tena mwili wa kungojea.

Na lile ombi langu la kwanza naligeuza. Mbaya ndiyo uniletee, kwa gari la siku hiyohiyo. Njema baki nayo, usijichoshe kuandika. Gari likija bila barua nitajua amekula. Wewe ni mtu wa kushika neno jinsi lilivyo. Safari hii nakutegemea kwa hilo.

Shangazi yako

31 Machi

Mwanangu,

Hujambo na kazi? Msalimie Daktari.

Ijumaa gari lilileta maziwa tu. Leo vilevile. Dereva kanyoosha viganja vyake kwa huruma, nikavishika vyote viwili, maskini akadhani naanguka. Dada yako kauliza kama kuna barua. Nikamwambia hakuna, nikamwomba anikaangie mayai, mawili.

Usijibu.

Shangazi yako