Mguu wa Jenerali na wa Kaka Yangu

Mjukuu wangu Zuhura, marahaba. Huku mtaani Bredäng, Uswidi, hatujambo, ila mwezi uliopita tulimpoteza kaka yangu Salimu.

Ndiyo, uliloniuliza ni kweli: yule jenerali wa Meksiko, aliyeshika urais mara nyingi, aliuzika kwa gwaride mguu wake uliokatwa. Nilisimuliwa ujanani, darasani tukijifunza Kiswidi, nikacheka sana. Mwaka huohuo Salimu naye alikatwa mguu. Akanisihi niwaombe hospitali watukabidhi mguu huo, tuuzike kwa dua, kama desturi yetu. Nikamjibu mbele ya wageni, “Jenerali wetu, matanga siku ngapi?”

Walicheka wote. Yeye akageukia ukutani. “Basi, dada, yaishe.”

Sikuuomba mguu, wala sikumwomba radhi. Siku ya mazishi mkewe aliniuliza mguu ule ulizikwa wapi.

Bibi yako