Jiwe la Mama na Namba Ishirini na Sita

Baba yangu mpendwa,

Jiwe lako limepimwa, na tangu lipimwe sijielewi. Nakuandikia wewe, ingawa umelala kaburini hapo nyuma ya nyumba, kwa sababu sioni mwingine wa kumuuliza.

Ulinifundisha kemia mara mbili: mchana darasani, jioni nyumbani tukichambua ndengu. "Usidanganywe na mng'aro," ulikuwa ukisema. "Hesabu protoni za atomu. Ishirini na sita ni chuma. Sabini na tisa ni dhahabu. Ukibadilisha hiyo namba, umepata kitu kingine." Siku moja ulinyunyiza chumvi motoni, mwali ukageuka manjano, ukasema sodiamu imejitaja. Hukuamini kitu bila ushahidi.

Isipokuwa lile jiwe. Ulilipata mwaka wa kiangazi kibaya, ukichimba mitaro ya matuta hapa Kathonzweni. Mama alikuwa amechoka na ukame, anataka tuuze shamba tuhamie kwao Nunguni kwenye mvua. Ulimwekea jiwe mkononi, linametameta. "Mama Mwende, hii ardhi ina dhahabu." Hatukuuza. Nilipokuomba tulipime, ulinijibu kwa ukali nisiouzoea: "Achana nalo."

Wiki iliyopita kaka Mutua alimleta mpimaji wa madini kutoka Kwa Vonza, mwenye kifaa kama bunduki ndogo. Nilimuuliza kinajuaje.

"Kinarusha eksirei," akasema. "Zinaondoa elektroni za ndani kabisa ya atomu. Elektroni nyingine zikishuka kujaza pengo, atomu inatoa eksirei yake. Nguvu ya eksirei hiyo inafuata idadi ya protoni, kwa hiyo kila elementi ina yake."

Akabonyeza. Tukangoja kidogo.

"Chuma na salfa. Dhahabu hakuna."

Mama alikuwa kando anapepeta ndengu. Hakuinua kichwa. Mutua aliondoka akisema ulitudanganya maisha yetu yote, na kwamba sasa shamba liuzwe.

Nilitaka kukutetea, Baba. Nikafungua sanduku lako la vifaa, nikitumaini kuona kwamba hukujua. Nikakuta kipande cha kigae chenye mstari mweusi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba dhahabu ikisuguliwa kwenye kigae huacha mstari wa manjano. Kwa hiyo ulipima. Ulijua.

Nimekukasirikia. Halafu nakumbuka kwamba nimesoma kwa ndengu za shamba hili, hasira inaisha, kisha inarudi. Sijui nikushukuru kwa uongo ama nikuombe radhi kwa kuuchimbua.

Jana nilimkalisha Mama nikamwambia yote kuhusu kigae. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua kabla ya mvua ya mwaka huo," akasema. "Nililigonga nyundo kidogo, kona ikavunjika. Dhahabu haivunjiki, inabonyea tu. Hilo hata sonara anajua, si lazima uwe mwalimu."

"Na mbona hukusema?"

"Baba yako alitaka kubaki kwao, na hakujua kuniomba. Ningesema, angeona haya. Nikabaki."

Kisha akaniuliza kama wewe uliwahi kujua kwamba yeye alijua. Hilo ndilo ninalokuuliza, Baba. Bado anangoja.

Pumzika, kama unaweza.

Binti yako,
Mwende